Shahidi wa Machipuko

Ninyi vijana mnaoingia sasa kwenye kazi ya bustani za komuni, kila tukikutana pale Porte de Namur, hapa Brussels, mnanishika mkono na kuniuliza swali lile lile: tonton, hii baridi itaisha lini? Mnauliza kama vile mimi ndiye niliyeileta ndani ya sanduku kutoka Uvira, kule Kongo. Basi leo nimekaa dirishani, magoti yananiuma, nje ni kijivu tangu asubuhi na mvua haijui kama inyeshe au iache. Nitawajibu. Lakini jibu lenyewe lina mtu ndani yake ambaye hayupo tena, na sijui namna ya kulitoa bila yeye.

Nianze na ujinga wangu, maana huo ndio mlango wa kazi yoyote.

Nilipopata nafasi kwenye kikosi cha bustani ilikuwa Novemba, na miti ilikuwa imeshavuliwa nguo zote. Kwetu mti usiobakiwa na jani hata moja ni marehemu. Unaukata, unapata kuni, maisha yanaendelea. Sasa mimi nikaona barabara nzima ya miti imekufa mbele ya nyumba za watu, na hakuna anayejali. Nilivumilia siku kadhaa, nikiogopa kumwaibisha bosi. Mwishowe nikamwendea mwenzangu wa toroli, Yusufu, nikamuuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeleta habari za msiba, tutaanza kuikata lini.

Yusufu alikuwa Mrundi wa Buyenzi, pale Bujumbura, Mwislamu wa swala tano, mkimbizi kama mimi lakini aliyenitangulia kufika. Hakucheka papo hapo. Alinishika kidole gumba, akanipeleka kwenye tawi dogo, akakwangua gome kwa ukucha wangu mwenyewe. Ndani kulikuwa kijani kibichi chenye unyevu. Ndipo akacheka mpaka akakaa ukingoni mwa toroli. Msimu mzima, bosi akigawa kazi, yeye alikuwa akisema Bahati asipewe msumeno, atazika walio hai.

Kwa hiyo kabla hujasema kitu kimekufa, kwangua kwanza. Na uwe na ukucha wa kukwangulia, si hizo kucha mnazozikata kama makarani.

Yusufu naye alifundishwa na mkuu wetu wa zamani, Mbelgiji mmoja Mflemi aliyeitwa Luc, mtu ambaye maneno yake ya wiki nzima yangeenea kiganjani. Luc hakuamini kalenda. Alisema kalenda imetengenezwa na watu wanaokaa ndani. Yeye alitazama noisetier, kile kimti cha kando ya ua ambacho wengi hawakijui jina, kinachotoa vitu virefu vya kuning'inia kama viwavi vya manjano wakati miti mingine yote bado imelala. Ukikigonga kwa kidole na vumbi la manjano likadondoka, mlango umeanza kufunguka. Vikiwa bado vigumu na vya kijani, rudi nyumbani ukanywe chai. Halafu kuna merle, yule ndege mweusi mwenye mdomo wa manjano, anayeanza kuimba gizani ukiwa kituoni unangoja basi la kwanza, wewe umejikunja ndani ya skafu na yeye yuko juu ya antena anaimba kama mtu asiye na bili ya gesi. Baadaye vile vichaka vinavyogeuka njano vyote kwa mara moja. Hapo ndipo tunachukua mikasi na kupogoa mawaridi, si kabla.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini wahenga hawakuwahi kukaa Brussels, ambako mawingu ni dalili ya kwamba leo ni siku ya kawaida. Hapa dalili ni ndogo na ziko chini, au nyuma ya kitu. Lazima uziinamie.

Na zinadanganya pia. Jua la Februari ni mgeni aliyechungulia tu mlangoni, usimpikie bado. Mimi nilimpikia. Mwaka mmoja mwezi wa Aprili jua lilituwakia wiki nzima, watu wamekaa nje ya mikahawa mikono wazi, na mimi nikapanda maua yote ya géranium ya mzunguko wa barabara, mstari kwa mstari, najisifu. Wabelgiji wana siku za Watakatifu wa Barafu, katikati ya Mei, na mtu wa bustani hapandi maua laini kabla hazijapita. Mimi nimekulia kwenye misa na rozari, nikadhani ni mambo ya kanisa lao, kila mtu na watakatifu wake. Usiku mmoja tu wa baridi, asubuhi maua yote yamekuwa meusi na yamelegea kama majani ya sombe, kisamvu, yaliyosahauliwa motoni. Luc alisimama pale muda mrefu, mikono mfukoni. Kisha akasema tunaanza upya, akaenda kuleta toroli. Hakunitukana. Heri angenitukana.

Siku hizi mambo yamebadilika, na lazima niwe mkweli kwenu. Sisi tulipulizia dawa ya kuua magugu kwenye kila ufa wa lami, leo imekatazwa, na mnafundishwa kuyaacha yakue na kuyaita maua ya mwituni. Mna mashine za kupuliza majani. Sisi tulikuwa na reki na mgongo. Na baridi yenyewe si ile. Zamani ilikuwa theluji na ardhi inalia chini ya koleo. Sasa ni maji, kuanzia Novemba hadi Machi ni kitambaa kibichi usoni, hakikuui wala hakikuachi. Noisetier yenyewe nimewahi kuiona inadondosha vumbi kabla ya Noeli. Kwa hiyo haya ninayowaambia msiyashike kama Injili. Yashikeni kama ukucha.

Sasa nifike kwake.

Wakati wa Ramadhani Yusufu alishika koleo amefunga, na saa ya chakula tulikaa wote ndani ya kibanda cha vifaa, mimi nikimpa mgongo ili asione mkate wangu. Aliniambia nigeuke tu, harufu ya samaki wangu imeshamfikia. Siku moja akanisimulia jinsi walivyokuwa wakitafuta mwezi wa Idi kule Buyenzi alipokuwa mtoto. Wanaume wanasimama barabarani, nyuso juu. Baba yake alikuwa na macho makali, na mara nyingi alikuwa wa kwanza. Aliyeuona, alisema Yusufu, lazima aende akaseme. Hata kama mke wake hajamaliza kushona nguo za watoto, hata kama jirani anamwomba siku moja zaidi kwa sababu nyama haijapatikana. Anasimama mbele ya watu na anasema nimeuona.

"Huyo ni shahidi," alisema. "Shahidi haulizi nani anataka na nani hataki."

Tangu siku ile tulikuwa na mchezo wetu. Kila mwaka, wa kwanza kuona vumbi la noisetier ndiye shahidi, na mwingine anamnunulia chipsi. Lakini haitoshi kusema tu. Ulihojiwa kama mahakamani: mti upi, upande gani, uligonga au ulitazama kwa mbali? Alinishinda karibu kila mwaka, na chipsi alizokula kwa mfuko wangu zingejaza toroli.

Alistaafu kabla yangu, na haukupita muda figo zake zikagoma. Walikaa Evere, pembeni mwa jiji, yeye na mkewe Zaituni, kwenye ghorofa ambalo dirisha la chumba chake lilitazama ukuta wa jengo la pili, si kitu kingine. Siku kadhaa kila wiki gari lilimpeleka hospitalini kwa mashine ya kusafisha damu, akarudi jioni rangi ya majivu. Mtu aliyekuwa akinyanyua jiwe la ukingo wa barabara peke yake, sasa nilimwona anapumzika katikati ya kuvua soksi. Niliumia kumtazama, na yeye aliona kwamba ninaumia, akatafuta la kunitania.

Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Kule Bujumbura alikuwa na dada yake mkubwa, Mwajuma, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Hawakuwa wameonana tangu alipokimbia. Dada sasa alikuwa mzee sana, hatembei tena, na Yusufu alitaka akakae naye kidogo, amwone kwa macho, basi. Kila mtu alijua maana yake. Hapa mashine ilikuwa inamngoja. Kule, kupata nafasi kwenye mashine kama ile ilikuwa kazi ya kujuana na kubahatika, na bila mashine mtu wa hali yake hamalizi mwezi.

Hakuna aliyetaka kumwambia hapana. Daktari alisema, tutaona printemps, yaani majira ya machipuko. Watoto wake walisema kwenye simu, papa, printemps. Zaituni alisema baridi hii ipite kwanza. Mimi pia nilisema, tena mara nyingi, kwa sauti ya mtu mwenye hekima. Tukamwambia subira yavuta heri. Yeye akatujibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, akageukia ukuta. Hakuna aliyekaa chini akapanga uongo. Lilikuwa neno la kufunga mazungumzo ili tunywe chai. Lakini ukimwahidi karani majira ya machipuko, atasahau. Sisi tulimwahidi mtu wa bustani.

Basi kila Jumapili baada ya misa nilipanda Evere, na kila Jumapili aliniuliza kabla sijavua koti: imefika? Desemba lilikuwa swali jepesi. Januari ilinyesha bila kupumzika, nikamjibu bado, kaka, nje ni matope matupu, na nikaona mabega ya Zaituni yakishuka kwa nafuu nyuma ya chupa ya chai. Ilikuwa baridi ndefu, ya kuchosha, taa za barabarani zinawaka mchana, na sote tuliokuwa kazini tulikuwa na nyuso za watu waliokosana na Mungu. Ilikuwa pia mwaka wangu wa mwisho kazini. Na mimi, mtu wa bustani, kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa naomba isiishe.

Iliisha. Asubuhi moja kituoni, gizani, nilimsikia merle. Nikajifanya sikusikia, nikajiambia ni mmoja, amekosea tarehe. Wiki ile ile tulitumwa kusafisha ua wa shule moja, na nyuma ya banda la baiskeli ilikuwepo noisetier. Nilisimama mbele yake nikiwa na mkasi mkononi na sikutaka kunyanyua kidole. Wenzangu waliniita mara mbili. Nikagonga. Vumbi likadondoka juu ya kiatu changu, manjano, laini, jingi. Miaka yote ile vumbi hilo lilinipa furaha ya mtoto. Siku hiyo nililifuta kwa kiatu cha pili.

Jumapili Zaituni alinifungulia mlango mwenyewe, akatoka nje kwenye korido na kuuvuta nyuma yake. Mkononi alikuwa na kitunguu alichokimenya nusu. Alinitazama tu usoni, akajua.

"Shemeji, nakuomba kwa Mungu," akasema. "Usimwambie. Akijua atapanda ndege. Akipanda ndege, mimi nitamzika kwa simu."

Alikuwa na haki. Alikuwa amemwogesha, amemlisha, amelala kwenye kiti pembeni yake, na alichokuwa anaomba ni mume wake tu. Nilimshika bega, nikaingia.

Yusufu alikuwa amekaa kitandani, amevaa kofia yake ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumapili. Nilianza kuvua koti polepole. Hakuniuliza kama siku zote. Alingoja nikae, Zaituni aweke vikombe, aanze kumimina chai.

"Bahati," akasema. "Wewe ndiye shahidi wangu. Imefika?"

Nawaambia ukweli, sikuwa shujaa. Nilikuwa nimeshaliandaa lile neno "bado", lilikuwa mdomoni, nimekuja nalo kutoka mlangoni. Nilimwona Zaituni ameshika chupa ya chai hewani, haimimini. Nilijua nikisema hivi namuua mmoja, nikisema vile namuua mwingine. Lakini yule mtu alinishika kidole gumba nilipokuwa sijui mti uliolala na mti uliokufa, na sikuweza kumpa uongo kuhusu jambo lile moja alilonifundisha.

"Imefika, kaka," nikasema. "Niliiona, nyuma ya école. Njo vile, siwezi kukuficha."

Zaituni aliiweka chupa mezani, bila kelele, akaenda jikoni. Alipita pembeni yangu bila kunitazama. Mpaka leo nikiukumbuka ule mgongo wake najisikia vibaya.

Yusufu alianza kunihoji. Upande gani wa ua? Kusini. Niligonga? Niligonga. Vumbi jingi au la kubabaisha? Jingi, kaka, lilijaa kiatu. Vile viua vidogo vyekundu kama uzi, vya kike, nimeviona pia? Hapo nikakwama, sikuwa nimetazama, akatikisa kichwa kwa huruma, kwamba miaka yote hii na bado natazama nusu ya mti. Tulicheka kidogo. Kisha tukasikia maji ya bomba jikoni yakitiririka bila kazi.

"Nilijua," akasema mwishowe. "Merle anaimba huko juu ya ukuta tangu juzi. Watu wote wa nyumba hii wana masikio, hakuna aliyemsikia. Nilikuwa namngoja mtu mmoja aniambie."

Alimwita Zaituni. Alichelewa, kisha akaja na kusimama mlangoni, macho mekundu, bila kisingizio cha vitunguu. Alikuwa amejiandaa kwa vita, niliona kwenye kidevu chake.

"Siendi," Yusufu akamwambia.

Zaituni hakuelewa. Alinitazama mimi, kama mimi ndiye mwenye maelezo.

"Siendi Buja. Bila ile mashine sitoboi, donc nitafika kule nimlaze dada chini na msiba wangu. Unafikiri sijui? Najua tangu Novemba." Alitua kidogo kuvuta pumzi. "Lakini mlinifungia kwa printemps. Kila mtu, printemps, printemps, kama mtoto anaahidiwa pipi. Sasa imefika, mlango uko wazi, hakuna anayenizuia. Basi nabaki. Ni mimi nabaki, Zaituni. Si ninyi mnanibakiza."

Zaituni alikaa kitandani, pale miguuni pake, akaweka mkono juu ya blanketi, juu ya magoti yake. Alilia bila kujificha. Nilitaka kuondoka, nikanyanyuka kuchukua koti. Yusufu akaniambia nikae, shahidi haondoki kabla watu hawajatawanyika.

Nitawaambia sasa hivi ili msikae mkilisubiri: alifariki mwezi wa Aprili, hospitalini, mchana, Zaituni akiwa naye. Tulimzika hapa hapa Brussels, na mvua ilinyesha, na wenzetu wa zamani wa kikosi walikuja, Luc pia, mzee kabisa, amesimama nyuma na kofia mkononi. Zaituni alinisamehe au hakunisamehe, sijui. Jumapili bado ananipa chai, na hatujawahi kulizungumza. Wengine kwenye jamii yetu walisema ningenyamaza, mtu angekufa na tumaini. Huenda wana haki. Mimi najua tu kwamba wiki zile za mwisho hakuniuliza tena kitu mlangoni. Aliniuliza habari za mpira.

Lakini ile Jumapili haikuwa imeisha. Alimwomba Zaituni simu, akampigia dada yake. Akaiweka juu ya blanketi, sauti wazi, maana mkono ulikuwa unamchoka. Simu iliita muda mrefu. Mtoto mmoja akapokea, akampelekea bibi, tukasikia kiti kinasogezwa na jogoo wa jirani.

"Asalam aleykum, dada," akasema. "Nimekupigia kukwambia siji."

Mwajuma akauliza kitu. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mbali.

"Hapana. Si madaktari. Si Zaituni. Ni mimi mwenyewe nimeamua."

Kule jogoo akawika. Halafu tukamsikia analia, kilio kidogo cha mtu aliyeishiwa nguvu ya kulia. Yusufu hakumkatiza. Alingoja mpaka akamaliza, akijipangusa yeye mwenyewe kwa ncha ya blanketi. Mwajuma akajikohoza, akamuuliza kama amekula, kama amejifunika vizuri, kama huko Ulaya baridi bado ni kali.

"Imekwisha, dada," akamwambia. "Imekwisha kabisa."